Toka Bariadi Hata Dar es Salaam: Maili Ngapi, na Saa Ngapi kwa Eropleni?

Watu wengi wa Bariadi, na wa Maswa, Itilima, Meatu na Busega, huuliza swali moja: Toka kwetu hata Dar es Salaam ni mwendo gani, na eropleni huchukua saa ngapi? Swali hili laonekana rahisi, lakini watu waliosoma hulijibu kwa namna nyingi, na ajabu yake ni kwamba kila mmoja husema kweli. Mmoja husema kilomita 735, mwingine 1,100. Mmoja husema saa moja, mwingine saa tisa, na mwingine husema siku nzima na usiku wake. Basi leo twapenda kuyaeleza mambo haya moja moja, ili asomaye ajue kila hesabu yatoka wapi, na ni ipi imfaayo anapofunga safari.

Jambo hili si la kupitisha wakati tu. Watu huuza ng'ombe ili wapate nauli. Mtu apatapo habari ya kuwa ndugu yake amezidiwa katika hospitali ya Muhimbili, au ya kuwa maziko ni kesho saa kumi, hana nafasi ya kukosea hesabu. Akidhani safari ni fupi kuliko ilivyo, hufika akakuta kaburi limekwisha fukiwa, na ng'ombe wamekwenda. Wazee husema, Njia ya mwongo ni fupi. Nasi twaongeza ya kuwa hesabu isiyoelezwa vema hufupisha njia vile vile, ingawa aliyeitoa hakukusudia uwongo.

MIENDO MITATU

Yafaa kwanza tujue ya kuwa kati ya miji miwili hakuna mwendo mmoja, ila mitatu.

Wa kwanza ni mwendo wa ramani. Huu hupimwa kama uzi uliovutwa toka mji hata mji, bila kujali mto, mlima, pori wala ziwa. Toka Bariadi hata Dar es Salaam uzi huu una kilomita 735 hivi, yaani karibu maili 457. Toka Mwanza hata Dar es Salaam una kilomita 853 hivi, yaani maili 530.

Wa pili ni mwendo wa njia. Huu hufuata barabara jinsi inavyopinda, na miji inayopitiwa. Mtu wa Bariadi aendaye Dar es Salaam kwa basi hupita Maswa na kutokea Mwigumbi, kisha Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Toka Bariadi hata Maswa ni karibu kilomita 50, na toka Maswa hata Mwigumbi ni karibu kilomita 50 nyingine. Na njia nzima hata pwani ni yapata kilomita 1,100. Hivyo barabara yazidi uzi kwa nusu yake.

Wa tatu ni mwendo wa saa, yaani muda utumikao toka mtu afungapo mlango wa nyumba yake hata abishapo hodi mlango wa aendako. Mwendo huu ndio unaomgusa msafiri hasa, nao ndio usioandikwa popote. Haya yaliyobaki katika maelezo yetu ni ya kumsaidia mtu aujue.

HESABU YA UZI

Walimu watapenda kujua namba ile ya kilomita 735 yatoka wapi, maana ni hesabu ambayo watoto wa shule wanaweza kuifanya ubaoni. Dunia imegawanywa kwa mistari iitwayo digrii. Bariadi ipo digrii 2 na dakika 48 kusini ya Ikweta, na karibu digrii 34 mashariki. Dar es Salaam ipo digrii 6 na dakika 48 kusini, na digrii 39 na dakika 17 mashariki. Dakika hizi si za saa. Ni sehemu za digrii, na digrii moja ina dakika 60.

Sasa tutoe. Kwenda kusini, tofauti ya miji hii miwili ni digrii 4 kamili. Kwenda mashariki, tofauti ni digrii 5 na dakika 17, ambazo ni kama digrii 5.28. Hizi ni pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na uzi wetu ni upande wa tatu, ule mrefu. Nne mara nne ni 16. Tano nukta mbili nane ikizidishwa kwa yenyewe ni 27.9. Jumla ni 43.9, na kipeo chake ni 6.62. Digrii moja katika nchi yetu ni kilomita 111 hivi. Zidisha 6.62 kwa 111, utapata kilomita 735.

Hesabu hii yafaa kwetu kwa sababu tu karibu na Ikweta, ambako digrii za kwenda mashariki ni karibu sawa kwa urefu na zile za kwenda kusini. Mwalimu asiitumie kwa nchi za Ulaya, kwa maana huko mistari ya kaskazini na kusini yakaribiana, tena mviringo wa dunia hauwezi kusahauliwa katika safari ndefu. Lakini kwa Mwanza, Tabora, Dodoma au Arusha itampa jibu zuri.

MAILI NI ZILE ZILE, SAA ZIMEBADILIKA

Ili msomaji aone jinsi mwendo wa ramani ulivyo mbali na mwendo wa saa, na atazame habari za zamani. Tarehe 17 Novemba 1874, Stanley, yule msafiri, alitoka Bagamoyo pamoja na wapagazi wake, wakichukua mashua iliyokatwa vipande. Walifika Kageyi, katika Usukuma, kando ya Ghuba ya Speke, tarehe 27 Februari 1875. Hizo ni siku 103. Wengi walikufa njiani kwa njaa, kwa maradhi na kwa vita. Baada ya hapo aliiunganisha mashua yake akalizunguka ziwa, naye aliandika habari za mto Simiyu, ambao maji yake humwagika katika ghuba ile, na ambao mkoa wetu umeitwa kwa jina lake ulipoanzishwa mwaka 2012. Miaka 137 ilipita kati ya safari ile na mkoa huu.

Kisha ilikuja reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza lilikamilika. Njia hiyo toka Dar es Salaam hata Mwanza ina zaidi ya kilomita 1,200, kwa sababu huenda kwanza magharibi hata Tabora, halafu hupanda kaskazini. Lakini safari ya siku 103 iligeuka kuwa safari ya siku mbili hivi, tena mtu ameketi.

Mwaka 1931 eropleni nazo zilifika. Tarehe 28 Februari ya mwaka ule kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya anga toka London, na mwisho wake wa kwanza katika Afrika ulikuwa Mwanza. Abiria waliishia Khartoum, lakini barua ziliendelea kwa ndege za kutua majini hata ziwani kwetu. Safari ilichukua zaidi ya juma moja, maana ndege zilitua mahali pengi, wala hazikuruka usiku. Mwaka uliofuata njia iliendelezwa hata Cape Town. Watu wa Mwanza wa siku zile waliweza kusema ya kuwa barua ya Ulaya yawafikia upesi kuliko mzigo wa pwani wa siku za wapagazi. Uzi wa ramani haukufupishwa hata shubiri moja. Kilichobadilika ni saa.

SAA ZA ANGANI

Sasa tuje kwenye eropleni za leo, ambazo wengi huziita ndege tu. Mtu wa Simiyu atakaye kupanda ndege ya abiria iendayo Dar es Salaam kwa kawaida huanzia kiwanja cha Mwanza. Ndege za jeti, kama zile za Airbus A220 ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuzipokea mwishoni mwa mwaka 2018, huenda karibu kilomita 800 kwa saa zikiwa juu. Ndege za pangaboi, kama zile ziitwazo ATR 72, huenda karibu kilomita 500 kwa saa.

Mwanafunzi mwenye akili atagawanya kilomita 853 kwa 800, naye atasema, Safari ni saa 1 na dakika 4. Lakini tiketi husema karibu saa 1 na nusu. Je, dakika zile nyingine zimekwenda wapi? Ziko katika mambo manne.

Kwanza, saa za tiketi huhesabiwa toka ndege iachapo mahali ilipoegeshwa hata isimamapo tena mahali pa kushukia watu, wala si toka magurudumu yaachapo ardhi. Ndege hutembea chini kama motakaa hata mwanzo wa njia yake ya kurukia, na pengine hungoja zamu.

Pili, ndege haianzi safari kwa mwendo wake mkubwa. Ikipanda, huenda polepole kuliko ikiwa juu. Na ikikaribia kutua hupunguza mwendo mapema. Katika safari fupi kama ya Mwanza na Dar es Salaam, kupanda na kushuka huchukua sehemu kubwa ya safari yote.

Tatu, ndege haifuati uzi wa ramani kabisa. Hufuata njia zilizowekwa angani, na mwishoni yapasa izunguke ili itue kwa kuelekea upepo, kama ndege wa mwituni afanyavyo atuapo.

Nne, upepo wa juu wenyewe huongeza au hupunguza. Mfano ulio wazi ni safari ya London na New York. Kwenda New York ndege huchukua saa 8 hivi, na kurudi London huchukua saa 7 au pungufu, kwa sababu huko juu pana upepo mkali utokao magharibi ambao huisukuma ndege ikirudi na kuizuia ikienda. Mwendo wa ramani ni ule ule, lakini saa si zile zile.

Kwa ndege ya pangaboi hesabu huwa vivyo hivyo: kugawanya kwatoa saa 1 na dakika 42, na safari yenyewe hukaribia saa 2. Kwa hiyo mtu akiona tiketi mbili za Mwanza na Dar es Salaam zenye muda tofauti asidhani ya kuwa moja ni ya uwongo. Ni aina mbili za ndege.

HESABU YA SIMU

Siku hizi watu wengi huuliza simu zao za mkononi. Mtu huandika Bariadi na Dar es Salaam, na mara huletewa jibu: kilomita 735, na ndege chini ya saa moja au zaidi kidogo. Jibu hili limewapoteza wengi. Si uwongo, lakini si ratiba. Mtambo umechukua uzi wa ramani, ukaugawanya kwa mwendo wa ndege, pengine ukaongeza dakika kidogo za kupanda na kushuka. Haukuuliza kama pana ndege iendayo siku hiyo, wala itoke kiwanja gani. Ukiuuliza habari za vijiji viwili vya porini utajibu vile vile, kana kwamba ndege yawangoja uwanjani.

Tazama basi jinsi mambo yalivyo. Msafiri wa Bariadi hutoka kwanza kwa barabara hata Lamadi, karibu kilomita 72, kisha hushika barabara kuu itokayo Musoma, akapita Magu hata Mwanza. Yote ni karibu kilomita 190, ingawa uzi wa ramani kati ya Bariadi na Mwanza ni kilomita 125 tu. Tena ameenda magharibi, na Dar es Salaam ipo kusini mashariki, yaani amekwenda kinyume.

Ukivuta uzi juu ya ramani toka Mwanza hata Dar es Salaam, utaona ya kuwa uzi huo wapita juu ya mkoa wa Simiyu wenyewe, pande za Maswa, kisha wapita karibu na ziwa Eyasi na mlima Hanang. Kwa mwendo wa jeti, toka Mwanza hata usawa wa Maswa ni robo saa hivi. Basi msafiri aliyetumia saa tatu barabarani kuiendea ndege huchukuliwa na kurudishwa usawa wa kwao kwa dakika chache, naye yu juu hawezi kushuka.

SAA ZA MLANGO KWA MLANGO

Sasa tufanye hesabu ambayo msafiri anaihitaji. Tuseme ndege yaruka Mwanza saa nane mchana.

Toka Bariadi hata mjini Mwanza: saa 3 hivi, ikiwa gari halikuharibika.
Toka mjini hata kiwanja cha ndege, kilicho upande wa kaskazini wa mji: nusu saa.
Kungoja, kupima mizigo na kukaguliwa: saa 2.
Safari ya ndege: saa 1 na nusu.
Kushuka na kupokea mizigo: dakika 45.
Toka kiwanja cha Julius Nyerere hata mahali pa mjini Dar es Salaam: saa 1, na pengine zaidi kwa wingi wa magari.

Jumla ni saa 8 na dakika 45. Katika hizo, saa 1 na nusu tu ni za ndege. Msafiri atoke Bariadi saa mbili na nusu asubuhi, naye atafika aendako baada ya saa kumi na moja jioni. Aliyeahidiwa maziko saa kumi siku hiyo hiyo hatayawahi, ingawa ndege yake haikuchelewa hata dakika moja. Hapana budi achukue ndege ya mapema zaidi. Na ndege hiyo ikiwa ya alfajiri, itampasa alale Mwanza usiku wa kwanza, alipe chumba na chakula, na muda wake wote utoke kwao utapita saa 14 au 15.

Linganisha na basi. Safari ya Bariadi hata Dar es Salaam kwa barabara huchukua yapata saa 16 hata 20, kwa jinsi ya gari na vituo vyake. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo mtu aweza kuondoka jioni akafika kesho yake. Ndege ya mchana humpunguzia msafiri nusu ya saa zake. Ndege ya alfajiri, ambayo yamlaza Mwanza, humpunguzia kidogo tu, ingawa humpunguzia uchovu. Tofauti ya nauli ni kubwa. Kila mtu apime mwenyewe kama saa anazookoa zastahili mali anayotoa.

Tena tusisahau ya kuwa si kila safari huishia pwani. Aendaye Dodoma kwa mambo ya serikali atafika kwa barabara kwa karibu kilomita 650, bila kwenda Dar es Salaam. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yafanya kazi kati ya Dodoma na Dar es Salaam, safari ya saa 4 hivi. Hivyo mtu aweza kushuka basi Dodoma na kumaliza safari yake kwa reli. Na mgonjwa apelekwaye Bugando hana haja ya ndege kabisa, maana hospitali hiyo ya rufaa ipo Mwanza, saa tatu toka Bariadi.

SAA ZA TIKETI NA SAA ZETU

Kuna jambo moja ambalo limewakosesha ndege watu wengi kuliko mvua na matope: kusoma saa. Tiketi za ndege huandikwa kwa saa za kizungu zihesabiwazo toka usiku wa manane, 0 hata 24. Sisi twahesabu toka kuchwa na kucha. Tiketi ikiandikwa 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi, wala si saa saba mchana. Ikiandikwa 13:00, hiyo ndiyo saa saba mchana. Ikiandikwa 18:30, ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtu aliyeona 07:00 akaja saa sita mchana ili awahi, ameikosa ndege yake kwa saa tano, na mara nyingi nauli yake imepotea.

Kanuni ni hii. Kwa saa za mchana na jioni, toka 07:00 hata 18:00, ondoa sita, nawe utapata saa ya Kiswahili. Kwa saa za usiku na alfajiri, toka 01:00 hata 06:00, ongeza sita: 04:00 ni saa kumi za alfajiri. Kwa 19:00 hata usiku wa manane, ondoa kumi na nane: 20:00 ni saa mbili usiku. Mwalimu akiwafundisha watoto kanuni hii, atakuwa amewasaidia na wazazi wao.

Angalia pia ya kuwa tiketi za jana usiku zaweza kuwa za leo. Ndege ya 00:30 ya tarehe 10 huruka usiku ule ambao sisi twauona ni wa kuamkia tarehe 10. Anayekuja kiwanjani usiku wa tarehe 10 baada ya chakula amechelewa siku nzima.

Ndani ya Tanzania saa za miji yote ni moja. Jua huchwa Bariadi dakika 21 hivi baada ya kuchwa Dar es Salaam, kwa sababu Bariadi ipo magharibi zaidi, na jua huchukua dakika 4 kuvuka digrii moja. Lakini saa za ukutani ni zile zile. Mambo hubadilika mtu avukapo mpaka. Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja, na Dubai iko mbele kwa saa moja. Tiketi huandika saa za kila mji kwa mji wake. Kwa hiyo safari ya Dar es Salaam na Dubai, ambayo ni karibu kilomita 4,000 na saa 5 na nusu angani, huonekana katika tiketi kama saa 6 na nusu kwenda, na saa 4 na nusu kurudi. Ndege haikuongeza mwendo wakati wa kurudi. Ni saa za ukutani zilizotofautiana.

MASHAURI KWA WASAFIRI

Tumalize kwa maneno machache ya kufaa. Msafiri asiulize kwanza, Ni kilomita ngapi? Aulize, Yanipasa niwe huko saa ngapi? Kisha ahesabu kurudi nyuma: saa za mjini, saa za kushuka, saa za angani, saa za kungoja, saa za barabara. Hesabu ikimwambia ya kuwa alipaswa kuondoka jana, basi ajue mapema na atume salamu, kuliko kuuza mali na kuchelewa.

Asome katika tiketi yake saa ya kufungwa kwa mapokezi ya abiria, maana mlango hufungwa kabla ya ndege kuondoka, wala haufunguliwi kwa machozi. Achukue kitambulisho chake. Asitie kisu katika mfuko wa mkononi, wala petroli au mafuta ya taa katika mzigo wo wote. Aulize mapema uzito wa mizigo unaoruhusiwa, ili asilazimike kuacha gunia la mchele uwanjani.

Na wakati wa mvua aongeze saa moja au mbili za barabara, maana ndege haimngojei mtu ambaye basi lake limekwama. Uzi wa ramani hauna matope, lakini njia ya kwenda Mwanza yaweza kuwa nayo.

Wazee wa vijiji na walimu, ambao watu huwajia kuuliza mambo kama haya, twawaomba wayasome kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Mtu mmoja akiokoa ng'ombe wawili, au akimwahi mgonjwa wake angali hai, maelezo haya yatakuwa yamefanya kazi yake.